Jumatano za Profesa Amuri

Ilinipasa kukataa. Katibu wa masomo alikuja mwenyewe kwenye chumba changu cha foni, akafunga mlango, akakaa juu ya betri moja iliyokufa na kuniambia kwamba Profesa Amuri amefariki huko Bukavu alikopelekwa kutibiwa, na kwamba amekwisha kuzikwa hukohuko. Kisha akaniomba niwe ninasema kwa sauti yake, kila Jumatano, mpaka wanafunzi wa upande wa Kabambare wamalize kazi zao. Nilikuwa na kinywa cha kusema hapana. Nikasema, "Tutajaribu."

Nimestaafu mwaka huu, nami nawaandikia ninyi mnaoshika kazi baada yangu pale chuoni. Sitaeleza nilipandishwa lini wala nililipwa nini, maana habari hizo ni fupi na hazina funzo. Nitaeleza foni, na nitamweleza Profesa, ili mjue kilichotokea na msikisikie kwa watu wa sokoni.

Kwa mliozaliwa na simu mkononi: foni ni redio ya kusema na kujibu. Unabonyeza kidude, unasema, unaachia, unamngoja mwenzako. Yeyote aliye kwenye wimbi lile, awe Nyangwe, Wamaza au katikati ya msitu, anawasikia wote wawili. Nilifundishwa kazi hii na Mzee Yuma, fundi wa misheni, muda mfupi baada ya kumaliza sekondari kwa mapadri hapa Kasongo. Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Alinipandisha kwenye mchikichi kufunga waya wa antena, nikashuka na kifua kimechunika, ndipo akasema, "Sasa unajua sauti inapitia wapi." Alinifundisha kuchomoa waya mara ngurumo inapoanza, kuongeza maji safi kwenye betri, si ya kisima, na kutoamini ukimya: kimya cha mtu aliyeondoka na kimya cha mtu anayesikiliza havifanani. Tena alinikataza kuongeza neno langu kwenye neno la mtu. "Wewe ni mlango, Bonifasi. Uliona wapi mlango unasema?"

Chuo kilipofungua masomo ya juu, yale yanayofuata lisansi, yaani digrii ya kwanza, wanafunzi walikuwa karibu wote vijana wa mjini, wana wa wafanyabiashara na wa waalimu wakubwa. Wa Kabambare ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Mwanamke wa kule hakuwepo. Katika mkutano, wakubwa wa chuo walisema barabara ni mbaya, vita vinakuja na kuondoka, na watu wa kule wanapenda mashamba. Profesa Amuri alikuwa mgeni bado. Ni mtu wa Kindu, mfupi, mwenye kofia iliyofumwa, aliyepanga nyumba karibu na msikiti na kuacha watoto wake wakubwa Bukavu. Aliuliza swali moja: "Nani kati yenu amekwenda kuwauliza?" Wakatazama meza. Wiki iliyofuata alipanda pikipiki, akarudi baada ya muda mrefu na matope mpaka kwenye kofia, na majina ya waalimu watano wenye lisansi waliotaka kuendelea lakini hawakuweza kuacha nyumba na mashamba yao kuja kukaa Kasongo.

Ndivyo walivyozaliwa wanafunzi wa foni. Kila Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri, Profesa alikuja chumbani kwangu. Mimi niliita, "Wamaza, Wamaza, Kasongo hapa," na kwenye parokia ya Wamaza, huko Kabambare, Katekista Polo alijibu kwa sauti yake ya kuimbisha misa. Mmoja mmoja walisoma kurasa walizoandika, naye aliongoza.

Vijana waalimu mnaoongoza kazi za wengine, sikilizeni namna alivyofanya. Hakuanza na kazi. Alianza, "Mwanangu, mmekula?" na alingoja jibu la kweli. Aliwaacha waseme wazo kwa Kiswahili kwanza, hata Kibangubangu kama kuna wa kutafsiri, ndipo walipeleke kwenye Kifaransa. Hakutoa jibu. Aliuliza, "Nani amekuambia? Na yeye alikuwa wapi?" Halafu alinyamaza mpaka mimi nikaanza kuhurumia betri. Na kwa kuwa nusu ya mkoa wetu wa Maniema ilikuwa inasikiliza, hakumwaibisha mtu kamwe hewani. Kazi ikiwa mbaya, au swali likiwa la ndani mno, alisema, "Hilo tulilaze," na wote walielewa kwamba litaamshwa siku watakapokutana uso kwa uso.

Mwanamke pekee kati ya wale watano alikuwa Riziki, mtoto wa dada mkubwa wa mke wangu Veronika. Ni Veronika aliyemsukuma ajiandikishe. Riziki alikuwa mwalimu pale Wamaza, na kazi yake ilihusu wasichana wanaoacha shule wakati wa mavuno na hawarudi. Alikuwa na mtoto mmoja, Mateso. Siku kijiji kilipokimbia watu wenye silaha, kijana huyo alirudi nyuma kufungua mbuzi, na tangu hapo hakuonekana, mzima wala maiti. Riziki hakulizungumza jambo hilo. Alipokuja kwenye foni alinisalimu mimi kwanza: "Jambo, baba mdogo. Mama mdogo iko muzima?"

"Iko. Anauliza kama ulipata kitambaa."

"Mwambie nilipata, lakini cherehani ya huku inakula nguo kuliko panya. Profesa iko?"

"Iko hapa. Anakunja miguu."

Na mzee anacheka, anachukua kidude.

Sasa niseme juu ya kuiga. Nilikuwa na kipaji hicho tangu utotoni. Katika sherehe ya mwisho wa mwaka mmoja nilimwiga Profesa mbele ya wote, kikohozi chake kidogo kabla ya neno, na lile "mwanangu" alilolivuta. Watu walilia kwa kucheka. Yeye mwenyewe alifuta machozi, akasema, "Bonifasi, wewe ni mwizi. Umeniachia kofia tu." Katibu alikuwepo.

Basi alipokuja kukaa juu ya betri yangu, alikuwa na hoja zake, na sitasema zilikuwa za mtu mbaya. Wale watano walikuwa karibu kumaliza. Kubadilisha mwongozi kungerudisha kila kitu kwenye baraza la chuo, na kwenye baraza kulikuwa na waliongojea kwa hamu mpango ule ufe. "Watasema, unaona, watu wa Kabambare hawamalizi," Katibu aliniambia. "Tutapoteza watano hawa na wote ambao wangekuja nyuma yao. Kurasa zao nitazisoma mimi. Wewe uwape moyo tu. Endelea, rudia, nani amekuambia. Utashindwa hayo?"

"Na wakijua?"

"Daraja la kwenda kule limekatika, Papa Boni. Nani atapeleka habari?"

Nilimfikiria Riziki. Nilijiambia kwamba ninafanya kwa ajili yake. Mke wangu sikumwambia, kwa sababu angenikataza.

Jumatano ya kwanza niliita kwa sauti yangu, nikamsalimu Riziki, nikasema Profesa amerudi ila kifua bado kinamsumbua. Nikaachia kidude. Nikakohoa kidogo. Nikabonyeza tena. "Mwanangu, mmekula?"

Kukawa kimya. Nilikijua kimya kile. Kilikuwa cha mtu anayesikiliza. Kisha akajibu polepole, "Tumekula, Profesa." Akasoma kurasa zake kama mtu anayesoma kaburini. Mimi nilifurahi kwamba imepita.

Jumatano zikaenda. Katibu aliniandikia maneno machache juu ya kila sura, nami niliyasema. Nikishindwa, nilisema hilo tulilaze. Mambo yalikuwa mengi ya kulazwa, lakini hakuna aliyenung'unika. Wanafunzi walikuwa watulivu kuliko zamani, hata mizaha yao iliisha. Katekista Polo, aliyekuwa na desturi ya kunitania kwamba Kasongo tunakula vya bure, sasa aliita, akajibu, akatoka. Nilidhani ni heshima kwa mzee mgonjwa.

Kuna mambo mawili niliyapuuza. Siku moja nilimwambia mmoja wa wanafunzi, kwa sauti ile, "Nakupa pole kwa kaka yako." Ilitoka yenyewe. Yule bwana alishukuru huku analia. Kaka yake alikuwa amezikwa wiki ile, na mimi hakuna aliyeniambia. Labda nililisikia kwenye wimbi nikasahau kwamba nimelisikia. Hivyo ndivyo ninavyojieleza mpaka leo.

La pili lilitokea nyumbani. Tulikuwa tunakula, Veronika akasema mchele wa Kabambare hautafika mwezi huu. Nikamwuliza, "Nani amekuambia? Na yeye alikuwa wapi?" Aliweka kijiko chini. Alinitazama mdomoni, si machoni.

"Boni, ni nani anasema?"

"Ni mimi. Nani mwingine?"

"Rudia."

Nikarudia, na ilinibidi nitafute sauti yangu kabla ya kuipata. Alihamishia kiti chake upande wa mlango.

Jumatano niliyoogopa bila kuijua ilikuwa ya jua kali, wimbi safi kabisa, hata jogoo wa parokia ya Wamaza nilimsikia. Riziki hakunisalimu mimi. Alisema moja kwa moja, "Profesa, iko hapo?"

Nikakohoa. "Niko, mwanangu. Mmekula?"

"Profesa, usitukasirikie. Tunajua."

Sikubonyeza. Akaendelea.

"Tulijua tangu mwanzo. Mutu wa pikipiki alitoka upande wa ziwa, alikuwa Bukavu, aliona tukikuzika. Samahani, aliona wakikuzika. Masista walitaka kufunga mashine. Mimi nilikataa. Nilisema, Profesa hajamaliza kazi yetu, ndiyo maana anarudi. Katekista anaogopa, kila Jumatano ananyunyizia redio maji ya baraka. Lakini sisi hatukuogopi. Unatuuliza kama tumekula, sawasawa na zamani. Wafu wabaya hawaulizi vile."

Nyuma yake nilisikia Katekista Polo akisema, "Riziki, basi, usimchokoze."

Katibu alizuia habari upande wa Kasongo. Hakukumbuka, na mimi sikukumbuka, kwamba Wamaza ina njia nyingine ya mashariki, ambako habari zinafika bila kutuomba ruhusa. Nilikaa na kidude mkononi. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Ningeweza kusema, Riziki, ni mimi, baba yako mdogo. Ningeaibika mbele ya nusu ya Maniema, na jambo lingekwisha hapo.

"Profesa," alisema, "sitaki kukuchosha. Swali moja tu, si la kazi. Huko uliko, umemuonaka mutoto yangu Mateso?"

Neno la kulaza nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa ulimini. Lakini tangu mzee afe nilikuwa sijamwambia yule binti neno moja la kweli, na pale, kwa upumbavu ambao bado naushangaa, nilitaka kumpa moja. Mimi nilikuwa sijamwona Mateso. Huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Sijamwona, mwanangu," nilisema.

Alipiga kelele. Kwanza nilidhani ni kilio. Kisha nikasikia wengine wakiingia chumbani kule, na sauti yake juu ya zao zote: "Hayuko! Hayuko kwao! Mateso yuko hai!" Ndipo nilipoelewa nimesema nini, na kwa kinywa cha nani. Nikabonyeza, nikaita kwa sauti yangu mwenyewe, "Riziki, Riziki, ni Bonifasi, ngoja." Hawakusikia. Walikuwa wanaimba, na kidude cha upande wao kilikuwa kimebanwa.

Nilimwendea Katibu. Alisema turekebishe Jumatano ijayo. Nilikubali kungoja, na hilo nalo ni kosa langu, lisihesabiwe kwake. Jumatano iliyofuata nilipoita, Katekista Polo peke yake alijibu.

"Riziki hayuko. Aliondoka asubuhi ya pili yake. Ameacha darasa, ameacha zile karatasi zake kwa mama yake. Amesema Profesa amemwambia mutoto haiko kwa wafu, basi iko kwa watu, na atamtafuta kwa watu."

"Ameelekea wapi?"

"Upande wa migodi. Wanasema vijana waliochukuliwa wanachimbishwa kule. Zamu yako, Kasongo."

Nilifunga chumba, nikatia ufunguo mfukoni, nikatafuta pikipiki.

Njia ya Wamaza wengine mnaijua. Tulivusha pikipiki kwa mtumbwi pale daraja lilipokatika, tukalala njiani mara nyingi kwa sababu ya mvua, na nilifika Jumatano nyingine mchana. Nilikwenda kwanza parokiani kuona kama kuna habari. Katekista Polo, mtu mrefu ambaye sikuwahi kumwona uso, aliniangalia kwa wasiwasi kisha akawasha mashine, kwa kuwa saa ilikuwa imefika na alikuwa amezoea. Tulisikia kelele za hewa tu. Halafu muuguzi wa kituo kimoja cha mbali akaingia, mwanamke mwenye haraka.

"Wamaza, Profesa amekwisha maliza? Nina habari ya dawa, lakini nilikuwa nangoja amalize kusema."

Katekista alinitazama. Ufunguo wa foni ya Kasongo ulikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa naushika. "Amemaliza," Katekista akamjibu, na mkono wake ukaenda kwenye chupa ya maji ya baraka. Sikumwuliza yule muuguzi alisikia nini. Nimekuwa na miaka ya kumwuliza, na sijamwuliza.

Mama Regina, mama yake Riziki, alikuwa anaanika mihogo. Ni shemeji yangu mkubwa. Nilipiga magoti kumsalimu, na nikabaki hapo chini. Nilimweleza yote tangu betri ya Katibu. Nilimwambia Profesa ni marehemu kama marehemu wengine, na sauti ilikuwa yangu. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa unga mikononi.

"Wewe ndiye?"

"Ni mimi, shemeji."

"Basi sema kama yeye."

"Shemeji, tafadhali."

"Sema. Mimi nilikuwa nasimama dirishani kila Jumatano. Nitajua."

Nilikohoa. Nikasema, "Mwanangu, mmekula?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alirudi nyuma. Mama Regina aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Ndiye," alisema. "Usijisumbue, Bonifasi. Wewe umeazima mdomo tu. Yeye hangesema uongo kwa Riziki, na wewe huna akili ya kubuni maneno yale. Inuka, utachafua suruali."

"Mama Regina, nakuapia, aliyesema ni mimi. Mateso sijui aliko. Anaweza kuwa amekufa."

"Hilo umesema kwa sauti yako," alijibu, "ndiyo maana sikuamini." Na majirani wakacheka kidogo, kicheko cha kunihurumia. Akanipa mihogo ya kula njiani.

Nilimweleza padri, nikawaeleza wanafunzi wanne waliobaki. Walinishukuru kwa kumbeba mzee, wakaniuliza kama ilikuwa inauma. Nilitoa tangazo kwenye foni, kwa jina langu, wimbi lote lisikie. Waliosikia walisema kwamba sasa roho yake inataka kupumzika, ndiyo maana ananifanya niseme hivyo. Hakuna mtu wa kule aliyemfuata Riziki kumwambia arudi, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu, na mimi niliyeiona sikwenda.

Wanne walitetea kazi zao Kasongo mwaka uleule, na walifanya vizuri. Katibu alitangaza rasmi kifo cha Profesa siku hiyohiyo, baada ya makofi. Baraza lilifunga mpango wa foni. Tangu hapo, katika miaka yote niliyobaki kazini, sikuona mwanamke mwingine wa Wamaza akiandikishwa masomo ya juu. Mkitaka kuwaongoza watu wa kule, nendeni kwa pikipiki kama alivyokwenda yeye, mkaketi nao, wawaone midomo. Na mwongozi akifa, waambieni siku hiyohiyo.

Niliporudi kutoka Wamaza nilimwambia Veronika. Nilitegemea kwamba hata yeye angesema ni Profesa, na nitasema kweli, njiani nilikuwa nimeanza kulitamani jambo hilo. Hakusema hivyo. Aliniuliza kama Riziki alilitaja jina la mtoto kabla sijajibu. Nikasema alilitaja. Akauliza kama nilijua ni yeye anayeuliza, binti yake, si mtu mwingine. Nikasema nilijua.

"Basi ni wewe," alisema. "Nakuamini."

Alikunja vitenge vyake asubuhi iliyofuata. Anaishi Wamaza kwa dada yake, wanamngoja Riziki, ambaye hajarudi wala hajaleta habari. Mimi naishi Kasongo peke yangu. Nimekwenda mara mbili kumwomba mke wangu arudi, na mara zote mbili alinipikia, akanitengea maji ya kuoga, na hakunisemesha neno hata moja.